Treni ya asubuhi Fela–Mwanza: treni zenyewe tutazitoa wapi?

Mwalimu wa Fela

Mwangaluka wana Mwanza. Naombeni msaada kwa jambo linalonikosesha usingizi tangu Jumapili.

Mimi ni mwalimu. Naishi Fela, nafundisha upande wa Mkuyuni. Kila siku ya kazi naamka saa kumi alfajiri, napanda bodaboda hadi Usagara, halafu nasubiri Hiace. Ya kwanza inapita imejaa, ya pili imejaa, ya tatu naingia nimeinama, begi la madaftari nimelikumbatia kifuani na shingo inagusa bati. Tukifika Buhongwa foleni imeshaanza. Kuanzia Mkolani hadi Nyegezi tunakwenda kwa kusimama simama. Nikiingia darasani kipindi cha kwanza miguu imeshachoka, na wanafunzi wangu wanaotoka huku huku wanakuja wakisinzia.

Na reli ipo. Nikitoka nyumbani naivuka. Alfajiri mbuzi wa jirani wanakuwa wamelala katikati ya mataruma kwa sababu hakuna cha kuwaamsha.

Jumapili kwenye kikao cha mtaa nikauliza: SGR, ile reli mpya ya kisasa, ikikamilika na safari za mbali zikahamia huko, kwa nini hii reli ya zamani isitupe treni moja ya asubuhi na moja ya jioni, Fela hadi Mwanza Stesheni, ikisimama njiani? Mzee mmoja akanijibu, "Treni zenyewe hazipo." Watu wakaguna, tukahamia suala la taka.

Swali langu kwenu ni hili. Reli ikipungukiwa treni, wenzetu hufanyaje? Huazima? Hununua zilizotumika? Treni ya nchi nyingine inaweza kuja kutembea hapa kwetu? Nataka nirudi kwenye kikao kijacho nikiwa na jibu mkononi.

Kijana wa Buhongwa

Pole na safari mwalimu, hiyo foleni ya Buhongwa naijua, naiona kila siku nikifungua duka. Ila mimi nasema subirini SGR iishe. Zile treni za umeme zinazokwenda Dodoma walete mbili tu hapa, zifanye kazi ya asubuhi kwenye reli ya zamani. Mitumba ya nini?

Fundi wa South

Mwalimu, swali lako nimelisoma mara mbili. Mimi ni mstaafu, nilikuwa mkaguzi wa mabehewa. Niliingia reli mwaka 1975 nikiwa na miaka ishirini, wakati huo bado ni shirika moja la Afrika Mashariki, na kazi yangu ya kwanza pale South, yaani bandari ya Mwanza Kusini, ilikuwa kumbebea taa mkaguzi mkubwa usiku. Ngoja nikueleze ninavyojua.

Nianze na wewe kijana wa Buhongwa, maana wazo lako nimelisikia kwa watu wengi. Treni ya SGR haiwezi kukanyaga reli hii. Reli ya zamani, ukipima kutoka uso wa ndani wa chuma kimoja hadi uso wa ndani wa chuma cha pili, ni milimita 1,000. SGR ni milimita 1,435. Magurudumu yatadondokea nje. Halafu zile treni za Dodoma zinakula umeme kutoka kwenye nyaya za juu, na huku kwetu juu ya reli ya zamani kuna anga tu.

Hata TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, haiwezi kutuazima. Wao wana milimita 1,067. Tofauti ni milimita 67, yaani vidole vinne ukivibana, lakini vidole hivyo vinne ndivyo vilivyofanya pajengwe kituo kizima pale Kidatu cha kuhamishia mizigo kutoka behewa la reli moja kwenda la reli nyingine. Kwa hiyo fundi akitumwa kutafuta treni ya kuazima, bei haulizi kwanza. Anauliza: huko inakotoka, reli ina upana gani?

Sasa mwalimu, habari njema. Reli za mita moja hatuko peke yetu. Kenya na Uganda reli ya zamani ni hii hii. Jirani zetu Nairobi walipotaka treni za mjini, mwaka 2020 walileta treni 11 za dizeli zilizokwisha kutumika, kutoka kisiwa cha Mallorca, Uhispania. Watu wakashangaa, treni ya kisiwa cha Ulaya inakuja kufanya nini Nairobi? Jibu ni kwamba Mallorca nao wana reli ya mita moja. Wao waliweka umeme kwenye njia zao, treni za dizeli zikakosa kazi zikiwa bado nzima. Zikashuka Mombasa, zikawekwa kwenye reli ya zamani, zikatembea bila kubadilishwa magurudumu.

Ukitafuta treni mbadala, tafuta mahali walipopata kitu kipya. Treni inayopatikana kwa urahisi ni ile ambayo mwenyewe ameshapata nyingine bora kuliko hiyo. India ndivyo ilivyokuwa. Walikuwa na maelfu ya kilomita za mita moja, wakaanza kuzipanua kwa nguvu miaka ya 1990, na vichwa vyao vya treni vya mita moja vikatafutiwa kazi nchi nyingine. Sisi wenyewe tulinunua vichwa vipya kutoka kiwanda chao cha Varanasi miaka ya 1970. Nimefanya kazi chini ya vichwa hivyo, mafuta yake nayakumbuka kwa harufu.

Kuna njia ya tatu, ngumu zaidi. Japani wana reli nyingi za 1,067 kama TAZARA. Treni zao za dizeli zilizostaafu zimepelekwa Myanmar, ambako reli ni mita moja. Ilibidi magurudumu yasogezwe kwenye ekseli, ule mtaimbo unaounganisha magurudumu mawili, kila upande milimita thelathini na tatu na nusu. Inafanyika, ila inataka karakana yenye mashine ya kubana na kubandua magurudumu na watu wenye mikono inayojua kazi hiyo.

Na treni iliyotumika usiinunue kwa kuangalia picha. Rangi ni kitu cha mwisho. Nikikagua behewa nilikuwa napita na nyundo ya mpini mrefu, nagonga kila gurudumu mara moja. Gurudumu zima linalia kama kengele na sauti inakaa hewani. Lenye ufa linajibu kama chungu kilichopasuka, tii, basi. Usiku wa manane, mvua ya masika inanyesha, treni ya abiria inasubiri kuondoka, unagonga gurudumu la thelathini na ngapi huko na masikio ndiyo yanayokwambia kama watu watafika. Anayekwenda kununua treni huko nje aende na mtu wa namna hiyo. Asiende na watu wa mikutano peke yao.

Binti Igogo

Shikamoo mzee, shikamoo mwalimu. Mimi ni mzaliwa wa Igogo, nyumba yetu ilikuwa inatikisika treni ya mizigo ikiingia South. Sasa hivi niko London, mtaa wa Leyton, natunza wazee. Nimeona niwaandikie kwa sababu kilichomkuta mwalimu kwenye kikao sisi kilitukuta kwenye reli, mwaka 2019.

Kuna njia ya treni za mjini inaitwa Gospel Oak–Barking. Ilikuwa na treni nane za dizeli, kila moja mabehewa mawili. Mawili tu! Asubuhi tulikuwa tunasimama kama mwalimu kwenye Hiace. Wakaifunga njia miezi mingi kuanzia Juni 2016, wakaweka nyaya za umeme na kurefusha majukwaa ili treni mpya za mabehewa manne zipate pa kusimama. Treni mpya zikachelewa, tatizo likiwa programu za kompyuta ndani yake. Na zile za dizeli zilikuwa zimeshaahidiwa mkoa mwingine, West Midlands, kwa hiyo zikaanza kuondoka huku mpya hazijaja.

Walichofanya ni hiki. Njia za jirani zilikuwa na treni za umeme za mabehewa matano. Wakachukua tatu, kila moja wakaipunguza behewa moja la katikati, zikawa za manne, zikaenea kwenye majukwaa yetu. Madereva wakafundishwa kwanza, ndipo zikaanza kubeba watu. Lakini tatu si nane. Kuanzia Machi, badala ya treni kila dakika kumi na tano, ikawa kila nusu saa. Mimi nilikuwa na bibi mmoja wa miaka tisini na mbili, lazima apate dawa saa moja kamili asubuhi. Nikawa natoka nyumbani gizani, baridi linakata masikio, ili nisikose ile treni, maana ukiikosa unamkosesha mtu dawa.

Treni mpya ya kwanza ilibeba abiria tarehe 23 Mei 2019. Baadaye, Septemba mwaka huo, tulisafiri mwezi mzima bure kama fidia.

Mwalimu, kilichotuokoa ni kwamba treni za kuazima zilikuwa jirani, zinakula umeme ule ule, na ziliweza kukatwa zikaenea kwenye majukwaa. Lau zingetoka mbali tungekaa zaidi. Msikubali mtu aondoe cha zamani kabla kipya hakijatembea na abiria ndani. Nalisema hili nikiwa nimesimama jukwaani asubuhi nyingi.

Wa Kigongo

Shikamoo mzee Fundi. Mimi si mtu wa reli, nimekulia kivukoni Kigongo, mama yangu alikuwa akiuza samaki wa kukaanga kwenye foleni ya magari. Ulichosema kuhusu mahali walipopata kitu kipya tumekiona kwa macho. Daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025, vivuko vilivyokuwa vikivusha pale vikakosa kazi pale pale siku ile ile, na sehemu nyingine za ziwa zina shida ya kuvuka kila siku.

Ila kivuko nacho hakiendi popote tu. Kama maji ya ufukweni ni mafupi kinakwama kabla ya kufika gatini. Kama gati limejengwa juu au chini mno, mlango ukishushwa magari hayapandi. Kwa hiyo naelewa hesabu ya upana wa reli.

Nina swali mzee. Ile meli ya Umoja, ambayo tangu utotoni tunaiona inabeba mabehewa pale South, haiwezi kutuletea treni kutoka Kenya?

Fundi wa South

Marahaba wanangu. Wa Kigongo, umenigusa pale ninapopapenda.

Umoja ni meli ya miaka ya 1960, na juu ya sakafu yake kuna reli. Reli ya mita moja, ile ile ya nchi kavu. Ikifunga gatini South, daraja dogo linashushwa, reli ya nchi kavu na reli ya meli zinakutana, na mabehewa yanasukumwa yakiingia kwa magurudumu yake yenyewe. Hakuna kreni. Nimesimama pale nikiangalia upande mmoja wa meli unalala kidogo behewa zito linapoingia, halafu linaingizwa jingine upande wa pili meli inanyooka. Lazima upakie kwa zamu, kushoto na kulia, la sivyo unailaza meli. Kisumu, Port Bell na Mwanza vilijengewa gati za namna hiyo kwa sababu wakati ule ziwa lilihesabiwa kuwa kipande cha reli. Behewa lililopakiwa Tabora lilikuwa linaweza kuamka Kampala.

Kwa hiyo jibu ni ndiyo, kwa mpango. Behewa la abiria la mita moja kutoka Kisumu linaweza kuvuka ziwa likashuka South na kuendelea hadi Fela bila kuguswa. Shirika letu lilipovunjika mwaka 1977 mabehewa yaligawanywa, kila nchi na yake. Nilipaka mengine rangi mpya mwenyewe, na kwa muda mrefu jua likipiga kwa ubavu ulikuwa unaziona herufi E.A.R. za shirika lile la Afrika Mashariki zikichungulia chini ya rangi. Kabla ya hapo kuazimana hakukuhitaji barua. Sasa kunahitaji barua, mkataba na bima, lakini chuma hakijabadilika.

Yapo mengine ya kukagua, mwalimu, andika kwenye daftari. Breki: kuna za hewa iliyobanwa na kuna za utupu, behewa la aina moja halifungwi kwenye kichwa cha aina nyingine likaenda salama. Viungio vya mbele na nyuma lazima vishikane na vya kwetu. Na ngazi. Stesheni zetu za zamani zina majukwaa ya chini, abiria anapanda vidaraja kama anapanda darini. Treni ya safari ndefu hilo halisumbui sana, inasimama muda mrefu. Treni ya mjini inasimama dakika moja. Mama mwenye ndoo ya dagaa na mtoto mgongoni, dakika moja, vidaraja vitatu. Huyo ndiye wa kumpimia.

Mwalimu wa Fela

Shikamoo baba. Nimesoma hapa nikiwa kwenye Hiace, nimesahau hata foleni. Binti Igogo, asante sana mdogo wangu, Mungu akutunze huko na wazee wako.

Nina moja bado. Nikisimama kikaoni wataniuliza, "Haya, mwalimu, unataka treni ngapi?" Nilikuwa nimepanga kusema mbili. Moja inakwenda, moja inarudi. Ni sahihi?

Fundi wa South

Marahaba mwanangu. Mbili ni hatari, nitakuonyesha kwa hesabu ambayo hata darasa lako la tano linaweza kuifanya.

Tuseme safari kutoka Fela hadi Stesheni, na kusimama njiani kote, ni dakika 50. Ikifika mjini inahitaji dakika 10 watu washuke, wapande, dereva ahamie upande wa pili. Inarudi dakika 50, inapumzika Fela dakika 10. Mzunguko mzima dakika 120. Ukitaka treni kila saa moja, unagawa 120 kwa 60, unapata mbili. Ukitaka kila nusu saa, nne. Hizo ni za kuwa njiani tu. Sasa treni lazima iingie karakana kwa ratiba, hata kama haijalia popote. Ongeza moja. Na siku moja breki zitakwama au ng'ombe atagongwa, hapo unahitaji iliyosimama kando ikiwa safi na imejazwa mafuta. Ongeza nyingine. Kwa hiyo treni kila saa moja ni nne, si mbili.

Reli nyingi zinapoteza abiria hapo. Wananunua zinazotosha siku ya ufunguzi. Miezi sita baadaye moja ni mgonjwa, wananchi wanasubiri, wanarudi kwenye Hiace, na mtu anasema treni haina faida. Ile ya kusimama kando inaonekana hasara kila siku isipokuwa siku unayoihitaji. Nimeumia sana kuona behewa zima likitolewa boji, yaani fremu zenye magurudumu, na viti ili mengine matatu yaendelee kutembea, kwa sababu hakuna aliyenunua vipuri pamoja na behewa. Likishaanza kuvuliwa halirudi tena. Majani yanaota ndani, kuku wanataga humo. Kwa hiyo ukiomba treni nne, omba na sanduku la vipuri vyake, omba na mafundi wawili watatu waende kujifunza kule zinakotoka kabla hazijapakiwa.

Tena kumbuka njia yetu ni moja, treni mbili hupishana kwenye stesheni yenye njia ya pembeni tu. Treni ya mizigo ikichelewa, ya kwako inaisubiri. Kwa hiyo usiombe ya kila nusu saa kwa kuanzia. Omba safari mbili za asubuhi zinazofika kabla ya kengele ya shule, safari mbili za jioni, na zifike kweli. Watu wakiamini saa ya treni ndipo wataongezeka wenyewe.

Kijana wa Buhongwa

Mzee nimekuelewa, naomba radhi, nilidhani reli ni reli. Kama mwalimu anakwenda kikaoni na mimi niambie siku, nitafunga duka mapema nije.

Mwalimu wa Fela

Karibu sana mdogo wangu, ni Jumapili ya mwisho wa mwezi baada ya ibada. Nimeandika ukurasa mmoja: upana wa reli, treni nne na sababu yake, Nairobi walivyopata zao, Umoja, breki, ngazi, vipuri. Nimemsomea mume wangu, akaniuliza, "Hivi jukwaa la Fela lina kimo gani?" Sikuwa na jibu.

Fundi wa South

Usilikisie, lipime. Jumamosi saa tatu nitakuwa Fela, mjukuu wangu atanileta. Tutamwomba ruhusa msimamizi wa stesheni kwanza, tusikanyage reli bila yeye kujua. Njoo na futi ya mafundi nguo, tutapima kutoka kichwa cha reli hadi ukingo wa jukwaa sehemu tatu tofauti, maana jukwaa la zamani huwa limetitia upande mmoja. Na mlete yule mama jirani yako anayepeleka nyanya mjini, na tenga lake likiwa limejaa. Ngazi tutazipima naye.